Uvungulojia: Mhadhara wa Kwanza kuhusu Mahali Wazee Wanapoweka Hati

Mwanafunzi, keti. Zima simu, fungua daftari ukurasa mpya, andika tarehe. Wanafalaki huchunguza nyota ambazo huenda zilikwisha kufa zamani, ila mwanga wake ndio kwanza unatufikia. Sisi huchunguza bahasha ya kaki ambayo mwenyewe amekwisha kufa, na yenyewe bado haijatufikia. Kazi yetu ni ngumu zaidi, kwani nyota haina watoto saba wa mama wawili, wala hakuna shemeji aliyewahi kusafiri usiku kucha kutoka Mbeya ili awahi kuifungulia kabati.

FASILI. Uvungulojia ni taaluma inayochunguza, kwa utaratibu na bila pupa, mahali ambapo mtu mwenye mali huweka karatasi zitakazohitajika siku ambayo yeye mwenyewe hatakuwepo kuzionyesha. Mtu huyo tunamwita mfichaji. Karatasi zake ni fichwa. Mahali zinapokaa ni fichio. Wanaozitafuta ni wafukuaji, na kazi yao ina hali mbili zisizochanganywa kamwe: ufukuaji mkavu, unaofanyika baada ya matanga kuanuliwa, na ufukuaji mbichi, unaofanyika mzee akiwa hai ila ametoka kwenda kusali. Huu wa pili ni utovu wa adabu ambao fani yetu inautambua, inaupima, na haiuhukumu.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema kwamba nchini Tanzania mzee ni mtu wa miaka 60 na kuendelea. Uvungulojia inaiheshimu sera hiyo na kuiweka kando. Kwetu uzee huanza siku mtu anapoitoa hati kabatini na kuipeleka mahali ambapo mwenzi wake hapajui. Wapo wazee wa miaka 35 kwa kipimo hiki, na yupo bibi wa miaka 90 ambaye bado ni kijana, maana hati yake imetundikwa ukutani kwenye fremu, karibu na kalenda.

UMUHIMU. Wanasheria hudhani mirathi huanzia mahakamani. Wavumilie, hawakusoma fani hii. Tazama mwenyewe. Familia inafika Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo pamoja na muhtasari wa kikao cha ukoo, ule ulioandikwa kwa mwandiko wa mjukuu wa kidato cha tatu na kusainiwa hadi pembezoni. Mahakama inamteua msimamizi wa mirathi na kumkabidhi Fomu Namba IV. Kuanzia hapo msimamizi ana miezi minne ya kurudi na Fomu Namba V, yenye orodha kamili na ya kweli ya mali zote za marehemu na madeni yake. Miezi minne! Aliyeitunga kanuni hiyo hajawahi kuinua godoro la sufi. Kwa mashauri yanayokwenda Mahakama Kuu, Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, inatoa miezi sita kwa orodha na mwaka mmoja kwa hesabu. Wengine wanaieleza tofauti hii kwa sababu za kiutaratibu. Tafsiri yangu ni kwamba Mahakama Kuu ilikwisha kung'amua kuwa nyumba kubwa zina vitanda vingi.

KAIDA YA UCHURO. Kabla ya kuainisha mafichio, meza kaida hii mama: uwezekano wa mzee kutaja fichio hupungua kadiri haja ya anayeuliza inavyoongezeka. Ukimuuliza akiwa mzima, atakuambia, “Haraka ya nini?” Ukimuuliza akiwa mgonjwa, atageukia ukutani na kusema, “Mwanangu, unanichuria?” Mwingine atauliza ni nani aliyekutuma, kisha ataanza kutaja majina, na orodha yake itakuwa sahihi. Katikati ya hali hizo upo mwanya mmoja mwembamba, ambao katika maandiko yangu nimeuita Dirisha la Nafuu. Ni zile siku chache baada ya kutoka hospitali, mzee akiwa amekunywa uji, amepigiwa simu na kila mtu, na roho yake imekunjuka. Dirisha hili hufungwa mara tu mtoto mmoja anapotaja kiwanja.

Sasa tuainishe.

AINA YA KWANZA: FICHIO LA UVUNGUNI. Hili ndilo shina la fani. Uvungu wa kitanda una kanda tatu: uvungu-mwanga, panapofikiwa na ufagio, uvungu-kati, panapofikiwa na mkono, na uvungu-giza, panapofikiwa tu na mjukuu mwembamba aliyeahidiwa soda. Sanduku la bati hukaa katika kanda ya tatu, limefungwa kufuli, na juu yake kuna jozi ya viatu vya harusi ambavyo havijavaliwa tena tangu harusi yenyewe.

Kulifungua sanduku ni kazi ya kiakiolojia. Usilimimine! Mmiminaji huharibu matabaka, na tabaka ni ushahidi. Juu kabisa utakuta tabaka la ada: risiti za shule za watoto ambao sasa wana watoto. Chini yake lipo tabaka la picha, pamoja na picha ya mwanamke ambaye hakuna anayemtambua na ambaye wote wanakubaliana haraka kutomjadili. Kisha inakuja kadi ya TANU. Hapo simama uvue kofia, maana umefika kwenye mpaka wa kisayansi. TANU na ASP ziliungana kuzaa CCM tarehe 5 Februari 1977, hivyo kila kilicho chini ya kadi hiyo, kama sanduku halijachokorwa, kina umri unaoweza kukadiriwa bila kumsumbua mtu. Hati ya nyumba huwa chini ya mpaka huo hata kama nyumba ilinunuliwa mwaka 2004. Jambo hili limewatatiza wengi. Maelezo yake ni kwamba mfichaji makini hushusha fichwa kila mwaka. Karatasi haizami sandukuni kwa uzito wake.

Ziada kuhusu fichwa zenyewe. Zipo hati miliki za miaka 33, 66 na 99. Ipo leseni ya makazi. Ipo hati ya hakimiliki ya kimila, inayotolewa kijijini chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Kisha ipo ile karatasi ya mauziano iliyochanwa kwenye daftari la shule, yenye mistari, muhuri wa serikali ya mtaa na dole gumba la mtu aliyehama. Utafiti wangu wote umenifikisha kwenye Kanuni ya Kina: kadiri karatasi inavyokuwa dhaifu kisheria ndivyo inavyofichwa mbali zaidi. Yenye nguvu hukaa droo ya juu. Ya daftari huzikwa.

AINA YA PILI: FICHIO LA GODORONI. Shule mbili zinapingana hapa. Shule ya Chini inasema fichwa hulaliwa. Shule ya Ndani inasema fichwa hushonewa humo humo. Mimi ni wa Shule ya Ndani, na ushahidi wangu ni uzi: godoro la mstari wa buluu lililoshonwa kwa uzi mwekundu kwenye pembe moja halijashonwa kwa ajili ya usingizi. Ujio wa godoro la sponji umeivuruga sana shule yetu, lakini hatujasalimu amri.

AINA YA TATU: FICHIO LA KITABUNI. Wakristo huchagua Biblia, mara nyingi ule mwanya kati ya Malaki na Mathayo, panapokuwa na karatasi tupu. Waislamu huchagua Msahafu, ambao una faida mbili za kiulinzi: unawekwa juu kuliko kila kitu chumbani, na haushikwi bila udhu. Mwizi wa kawaida hana udhu. Naiita hii kinga ya twahara, na hakuna kufuli lililowahi kuifikia.

Lakini mwanafunzi, hapa ndipo wafukuaji wengi wanapoaibika. Tuseme karatasi imepatikana mahali patukufu namna hiyo, na imeandikwa, “Nyumba ya Tandika namwachia Juma peke yake.” Juma analia, anashukuru, anaomba apewe funguo. Taratibu. Juma ni mtoto wa marehemu, naye kwa hiyo ni mrithi. Katika faraidhi wosia hauvuki theluthi ya mali, tena hauendi kwa mrithi isipokuwa warithi wenzake waridhie baada ya kifo. Mke, marehemu akiwa ameacha mtoto, ana thumuni yake, wazazi wakiwa hai wana sudusi zao, na watoto hugawana kinachobaki, wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja. Karatasi ya Juma ni kielelezo cha kile ninachokiita fichwa-tasa: imeandikwa vizuri, imetunzwa vizuri, imepatikana kwa heshima, na haizai chochote. Mzee angeweza kuitumia theluthi yake kwa mjukuu yatima ambaye baba yake alitangulia, kwa kuwa mjukuu huyo, baba zake wakubwa au wadogo wakiwepo, hana fungu. Angemfikia huyo mtoto kwa mstari mmoja wa wino. Badala yake mstari umepelekwa kwa Juma, ambaye fungu lake lilikuwepo tayari.

AINA YA NNE: FICHIO LA DARINI. Panya. Tunaendelea.

AINA YA TANO: FICHIO LA PINDONI. Bibi hufunga fundo kwenye pindo la khanga, na ndani ya fundo huweka noti, ufunguo, na karatasi iliyokunjwa hadi kufikia ukubwa wa ukucha. Ndilo fichio pekee linalotembea, linalokwenda sokoni na kurudi, na linaloweza kuhudhuria kikao cha ukoo bila yeyote kujua. Wanazuoni wa kiume wameliacha nje ya ainisho zao kwa karne nyingi, na sababu ninayo: hawakuruhusiwa kuliona.

Kwa nini mwanamke ahitaji fichio la kutembea? Soma shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory. Bi Holaria wa Kagera alirithishwa shamba la ukoo na baba yake kwa wosia halali. Alipoona amezeeka na hana wa kumtunza, mwaka 1988 akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Mpwa wake akakimbilia Mahakama ya Mwanzo, akidai kwamba kwa mila za Kihaya mwanamke hutumia shamba la ukoo ila haliuzi. Mahakama ya Mwanzo ikamkubali. Mahakama ya Wilaya ikakataa. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kwamba mila hiyo inagongana na haki za binadamu zilizomo katika Katiba, na kwamba mwanamke anaweza kuuza kwa masharti yale yale yanayomhusu mwanamume. Mawakili huinukuu hukumu hiyo hadi leo, na wana haki. Mimi nina lalamiko moja la kitaaluma. Yenye hoja nzito, yenye mikataba ya kimataifa, hukumu ile haikuona haja ya kueleza wosia wa baba ulikuwa umewekwa wapi. Pengo hilo halijazibwa.

KUHUSU VIFUNGASHIO. Mhadhara mzima ungehitajika. Nitaje moja tu. Kwa muda mrefu fichwa bora ilivikwa mfuko wa rambo, ukafungwa fundo, ukavikwa rambo la pili. Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Tangu siku hiyo hati halali kabisa za nyumba halali kabisa zinaishi ndani ya kitu kilichopigwa marufuku, gizani, na wenyewe hawana habari. Nimeliandikia jambo hili tasnifu; wachapishaji wanalitafakari.

AINA YA SITA: FICHIO-MTU. Mfichaji wa aina hii haamini bati wala sponji. Humchagua mtu: mwalimu mstaafu, katekista, shehe wa mtaa, mwenye duka asiyekopesha. Humwendea magharibi, humkabidhi bahasha na kumwambia, “Hii ni amana.” Basi. Hakuna anayeuliza ndani kuna nini. Kwa ubora wa kimaadili ni fichio la kwanza duniani. Kasoro yake ni ya kibiolojia: nalo hufa. Likifa, amana ya mzee wetu huwa fichwa ndani ya fichwa za mtu mwingine, katika uvungu wa ukoo usiotuhusu. Hali hii inaitwa ufichi wa daraja la pili. Daraja la tatu lipo kinadharia na namwomba Mungu tusilifikie.

Fichio-mtu lisichanganywe na mtu mwenye hati ya uwakala, yaani yule mwana aliyepewa na mzee saini ya kumchukulia pensheni na kumdai mpangaji kodi. Hati ile huishi na mzee na hufa naye. Asubuhi ya mazishi mwana huyo ni mfiwa kama wafiwa wengine, na kodi anayoendelea kuipokea kwa saini ile ina jina jingine mbele ya hakimu.

Wala lisichanganywe na msimamizi wa mirathi. Hapa, mwanafunzi, piga mstari kwa kalamu nyekundu, kwani istilahi hii imevunja koo nyingi kuliko ukame. Msimamizi siye mrithi mkuu, wala hakurithi kiti cha marehemu, hata kama katika kikao amehamia kwenye kiti chenyewe. Ni mtumishi anayewajibika mahakamani: anakusanya, analipa madeni, anagawa, anatoa hesabu, kisha anafunga jalada na kurudi kuwa kaka. Anaweza naye kuwa mrithi, kama vile mpishi anavyokaa mkekani kula na wenzake; ila sufuria si lake. Kikao humchagua mkubwa kwa sababu ni mkubwa, au aliyeko Dar es Salaam kwa sababu yuko Dar es Salaam. Katika miaka yote ya uchunguzi wangu sijasikia kikao kilichomchagua yule dada aliyekuwa akimpeleka mzee kliniki, ingawa ndiye anayejua sanduku liko kanda gani. Wao humtuma akachemshe chai.

AINA YA SABA: FICHIO LA KICHWANI. Mfichaji hana karatasi, ana kauli. Sheria haimkatai. Kanuni za wosia za kimila, zilizotangazwa katika Tangazo la Serikali Namba 436 la mwaka 1963, zinataka wosia wa mdomo ushuhudiwe na watu wasiopungua wanne: wawili wa ukoo na wawili watu baki. Akiandika na anajua kusoma, wawili wanatosha, mmoja kutoka kila upande. Uzuri wa kanuni hii hauonekani kwa mtazamo wa haraka. Ukoo peke yake ungesikia ulichotaka kusikia, na watu baki peke yao wasingejua shamba la mwembe ni lipi.

Kenya wamekwenda mbali zaidi. Kwa Sheria yao ya Urithi, Sura ya 160, wosia wa mdomo unahitaji mashahidi wawili, na mwenye kuutoa afariki ndani ya miezi mitatu. Nimelitafakari sharti hilo kwa unyenyekevu. Mzee anaita watu, anagawa ng'ombe, wanalia, wanaagana, kisha anapona. Mwezi wa nne unapoingia yumo shambani na kauli yake imeoza. Ng'ombe wote wamemrudia bila kutoka zizini. Waliokwisha kumshukuru sasa hawajui waangalie wapi. Sijui sheria nyingine inayompa mgonjwa sababu nzuri namna hiyo ya kupata nafuu.

Na usidhani wazee peke yao ndio wafichaji. Waingereza waliiletea Tanganyika Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, wakaiweka chini kabisa ya sanduku la sheria zetu, na mahakama zikaendelea kuitoa humo miongo mingi baada ya Uhuru, hasa kwa wosia za Wakristo. Dola nayo ina uvungu-giza wake.

AINA YA NANE: WASIOFICHA. Nitakuwa mfupi kwa sababu inaniuma. Ipo taasisi inayoitwa RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, chini ya Kabidhi Wasii Mkuu. Mtu huenda pale akiwa na akili zake timamu, huandika wosia au husaidiwa kuuandika, huuacha kwao kwa hifadhi, huchukua risiti yake, kisha hurudi nyumbani na, hapa ndipo nashindwa kuelewa, huwaambia watu. Wengine hukaa na watoto wote sebuleni, televisheni imezimwa, wakataja nyumba, shamba, deni la ushirika na jina la msimamizi wanayemtaka. Wapo waliotaja hata yule mwanamke wa picha.

Madhara kwa taaluma ni makubwa. Kwa familia kama hiyo orodha ya Fomu Namba V hukamilika kabla ya miezi minne. Godoro hubaki kwenye kitanda. Hakuna tabaka, hakuna uzi mwekundu, hakuna mjukuu wa kutumwa uvunguni. Nilipomhoji mzee mmoja wa aina hii kuhusu sababu zake, alinijibu kwamba alizika baba yake, kisha akatafuta karatasi moja hadi ndugu wawili wakaacha kusalimiana. Nikamwambia kwamba kisa chake ni data adimu sana. Akaniuliza kama ningependa chai.

Kipindi kijacho tutashughulikia funguo, hususan ule ufunguo mmoja katika kila kitita ambao haufungui kitu chochote nyumbani na ambao ndio hugombewa kwanza. Njoo na kitita chako. Usimwambie mama unakipeleka wapi.